Wa Nyuma Aseme Tayari

"Tayari?" aliuliza Marit.

Nyuma yake kimya.

Manyunyu yalikuwa yakidondoka, yale yasiyomlowesha mtu lakini hayamwachi akakauka. Mto Danubi ulipita kulia kwao, mpana na wa kijivu. Marit alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye pedeli. Mabegi manne yalikuwa yamefungwa vizuri, na vipande vya mkate na jibini alivyovinyakua mezani wakati wa chai ya asubuhi vilikuwa vimeviringishwa kwenye leso na kufichwa ndani ya koti la mvua. Mholanzi haondoki nyumba ya wageni bila mkate wa mchana mfukoni, hata mwenye nyumba abandike tangazo la kukataza mlango mzima.

"Jelle? Umelala, au mayai ya yule mama yamekuzidi?"

Bado kimya.

Baiskeli ya watu wawili ina mambo yake. Wa mbele ndiye mwenye usukani, breki na kengele. Wa nyuma kashika mpini usiogeuka, anapelekwa tu. Kwa hiyo amepewa haki moja, na hiyo hanyang'anywi: gurudumu halizunguki mpaka yeye aseme tayari. Sheria hiyo aliitunga Jelle mwenyewe enzi zile yeye akikaa mbele na Marit nyuma, wakati macho yake yalipokuwa bado macho. Tangu waanze kusafiri pamoja, hajawahi hata siku moja kuulizwa mara mbili.

"Tayari," alisema hatimaye.

Wakaondoka.

Marit hakuhitaji kugeuka ili ajue kuna neno. Pedeli za mbele na za nyuma zimefungwa mnyororo mmoja, mguu wa huyu ukisukuma, wa yule unapata habari. Miaka yote aliijua miguu ya Jelle kuliko alivyoujua uso wake. Ilimwambia akiwa na njaa, akiwa na hasira, akiwa anacheka kimoyomoyo. Leo ilikuwa inazungushwa tu, haisukumi.

"Leo nimepakia gunia la viazi," alimtania.

"Viazi vizuri lakini."

"Vizuri, ila vingesaidia kidogo kwenye mlima. Jiwe, kushoto! Maji, tunapita katikati."

Jelle alinyanyua miguu, maji yakaruka chini yao, akaishusha. Hakucheka. Siku nyingine zote maji yalikuwa yakimchekesha kama mtoto.

Wacha nikueleze walikotoka hawa wawili. Jelle alikuwa mwalimu wa jiografia kule Zutphen, Uholanzi, mji wa matofali na mifereji, kijana mrefu mwenye macho ya kijani ambayo wasichana walikuwa wakiyageukia barabarani. Na mpaka leo ni mazuri, hilo ndilo linalouma. Yalianza kufa kwa pembeni, yakafuata katikati, mpaka dunia ikamfinyia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Sasa hata bomba lenyewe lilikuwa limejaa ukungu. Alibaki kujua mwanga na giza, na Marit, binti wa muuza maua, alihamia kiti cha mbele.

Wambeya wakapata la kusema. Mama yake Marit mwenyewe alimuuliza mbele ya watu, "Hivi wewe unataka kuwa mke wa mtu au fimbo ya mtu?" Marit alimjibu kwa kufunga mlango. Penzi lilikuwa limemkaa kooni, huyo angeambiwa nini akasikia?

Safari hii waliipanga majira mazima ya baridi kwenye meza ya jikoni. Marit akisoma ramani kwa sauti, Jelle akiikariri: kijiji kwa kijiji, daraja kwa daraja, wapi njia ya baiskeli inaacha mto na wapi inaurudia. Mwisho wa yote ikawa Marit ni macho na Jelle ni ramani. Jioni ile kidole cha Marit kilipofika mwisho wa karatasi, akauliza, "Tukifika hapa, utanioa?" Kwao mwanamke naye huchumbia, wala hakuna anayeshangaa.

"Hapa wapi? Nionyeshe," Jelle alisema huku akicheka.

Marit akakishika kidole chake akakiweka juu ya Vienna. Jelle akakiacha hapo muda mrefu, cheko likamwisha taratibu.

"Nitakujibu hapo hapo," alisema.

Basi kila kijiji walichokipita, Marit alikuwa akikihesabu kwa moyo. Kila kimoja kiliisogeza Vienna.

"Leo tuvuke mto," Jelle alisema ghafla, nyuma yake. "Mbele kidogo kuna kivuko. Ng'ambo kuna mkahawa wanapika keki ya tufaha. Nilisikia wale Wajerumani wakiusifia jana."

"Tangu lini unapenda keki ya tufaha?"

"Watu hubadilika, Marit."

Alilisema hivyo hivyo, kavu. Marit akahisi ubaridi mgongoni, akasema moyoni ni mvua.

Kivuko chenyewe kilikuwa gati la mbao tu na nguzo yenye kengele ya shaba. Upande huu wa mto hakuna barabara ya magari, ni mlima, miti na njia ya baiskeli. Anayetaka kuvuka hugonga kengele, na mwenye mashua, popote alipo, huja kumchukua. Ng'ambo nako iko kengele kama hiyo. Siku hiyo mashua ilikuwa upande huu, na mwenyewe, Mzee Alois, alikuwa amekaa ndani yake chini ya turubai akimenya tufaha kwa kisu.

"Mungu awasalimu," alisema bila kunyanyua kichwa.

Walishuka. Marit akaiegemeza baiskeli kiunoni mwake, maana ikishapakiwa mizigo ile haisimami yenyewe, lazima mtu aishike. Kabla hajafungua mdomo kusema wanataka kuvuka, kengele ikalia kutoka ng'ambo, mara tatu, kwa nguvu, kama mtu mwenye haraka na asiyependa kusubirishwa.

Mzee Alois akafuta kisu kwenye suruali, akawasha mashine. "Nitamleta huyo kwanza, halafu nitawapeleka nyie," alisema, na mashua ikaondoka.

Jelle alikuwa amesimama wima, uso ameuelekeza mtoni. Mvua ilikuwa imemganda kwenye kope.

"Umeona gari ng'ambo?" aliuliza.

Marit akatazama. Kweli, chini ya miti palikuwa na gari la bluu. Analijua. Lile bonyeo la mlangoni ni yeye aliyelitia, siku ya Krismasi, akirudi nyuma bila kuangalia.

"Jelle," alisema polepole. "Gari la mama yako linafanya nini Austria?"

"Nilimpigia jana. Wewe ulikuwa unaoga."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Sasa amefuata nini huku kote?"

"Amenifuata mimi."

Unajua moyo unavyofanya mtu anapokosa ngazi gizani? Wa Marit ulifanya hivyo. Alicheka, kwa sababu hakujua la kufanya.

"Haya, utani umekolea. Sema basi."

"Jana umepiga mluzi," Jelle alisema.

"Nimepiga nini?"

"Mluzi. Tulipotoka kwenye kivuli cha miti, jua likatoka. Nililisikia usoni. Ukaanza kupiga mluzi, baiskeli ikaenda kasi, na hukutangaza kitu. Si jiwe, si kona, si kitu chochote. Mpaka darajani."

Marit alikumbuka mara moja. Njia ilikuwa laini na ya kuteremka. Kwenye maji ya kina kifupi alisimama korongo wa kijivu, mguu mmoja juu, na walipomkaribia akapaa, akaruka sambamba nao karibu wamguse. Marit aliendesha tu. Alikuwa msichana aliyepanda baiskeli, basi.

"Daraja lilipoisha pana ngazi moja ya ghafla," Jelle aliendelea. "Sikuitegemea. Nilijiuma ulimi. Nimemeza damu mpaka tulipofika tulipolala."

"Mungu wangu! Jelle! Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kupiga mluzi."

Marit alitaka kumkimbilia, lakini baiskeli ilikuwa imemlalia kiunoni na mabegi yake yote. Alinyosha mkono wake mmoja huru, akamshika kola.

"Nisamehe. Nakuomba unisamehe. Haitatokea tena, naapa. Nitatangaza hata sisimizi."

"Najua utatangaza. Hilo ndilo ninaloliogopa." Jelle aliutafuta uso wake, akaupata. Vidole vilivyolowa vilipita kwenye nyusi, vikashuka shavuni, vikakaa pembeni mwa mdomo. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimtazama siku hizi, na Marit hakuwa na ujanja mbele ya vidole vile. "Hapa pamekunjika. Zamani hapakuwa na mkunjo. Unajua mara ya mwisho nimeusikia mluzi ule lini? Nikiwa mimi mbele na wewe nyuma. Ulinipigia mluzi kisogoni siku nzima mpaka nikakwambia unyamaze. Mjinga mimi."

"Jelle, usiniache kwa sababu ya mluzi. Watu watanicheka."

"Nisikilize." Mashua ilikuwa imefika ng'ambo, mashine ikazimwa, mto ukawa kimya. "Nikuulize kitu kimoja. Jana, kabla ya daraja. Sema kwamba ulikuwa unajua nipo. Sema ile ngazi tu ndiyo iliyokuponyoka. Sema hivyo, Marit, na mimi nitaamini. Mama nitamwambia arudi zake, atanitukana, tutakunywa naye kahawa, na kesho tutaendelea mpaka Vienna."

Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, hata nusu. Ni nani kati yetu asingelisema? Kudanganya kwa mapenzi ni dhambi ndogo, wanawake wameziokoa nyumba kwa makubwa zaidi ya hayo.

Lakini baiskeli ya watu wawili ina sheria ya pili, na hii waliitunga pamoja siku waliyobadilishana viti. Wa mbele hamdanganyi wa nyuma. Akisema njia nyeupe, ni nyeupe, akisema shimo, ni shimo. Mtu asiye na macho akishaanza kujiuliza kama anaambiwa kweli, hawezi kukaa tena kwenye kiti kile. Marit hakuwahi kuivunja sheria hiyo. Alifungua mdomo aivunje sasa. Alilihisi lile neno ulimini, tamu, limeiva, "nilijua". Akayatazama yale macho ya kijani yaliyokuwa yakimsubiri pembeni kidogo ya pale alipokuwa, na likamkatalia.

"Nilikusahau," alisema.

Jelle akafumba macho.

"Na ulifurahi?"

"Nilifurahi." Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Lakini nilifurahi kwa sababu upo nyuma yangu, Jelle!"

"Nyuma yako hapakuwa na mtu. Umesema mwenyewe."

"Sikumaanisha hivyo! Usinigeuzie maneno yangu!"

"Siyageuzi. Nayachukua yalivyo. Hujawahi kunidanganya, ndiyo maana nimekuuliza wewe, sikujiuliza mimi."

Mashine iliwaka ng'ambo. Mashua ikaanza kurudi.

Marit akaisikia ikija, ule mngurumo ukikua kidogo kidogo, akawa anazungumza mbiombio kama mtu anayetupa vitu nje ya nyumba inayoungua. "Uliniahidi jibu. Ulisema Vienna. Huwezi kunijibu hapa, kwenye matope, hatujafika hata nusu! Nani ataniambia pa kugeukia? Mimi sijui njia, wewe ndiye unayeijua!"

"Huu mto ukiwa kulia kwako huwezi kupotea."

"Sitaki mto!"

"Marit..."

"Nataka wewe unigombeze nikipitiliza kona. Nataka viazi vyangu!"

Jelle akacheka, na katikati ya kicheko kikamgeukia kilio, na wakawa wote wawili wanalia, yeye kamkumbatia Marit, Marit kamkumbatia yeye kwa mkono mmoja na baiskeli kwa mwingine. Hakuweza kuiachia. Hata kumkumbatia vizuri hakuweza.

Mama Truus, mama yake Jelle, alishuka kwenye gati. Mama mfupi, nywele nyeupe zimekatwa kama za mwanafunzi wa kiume, koti la mvua la manjano, na kikapu mkononi. Alikuwa ameendesha gari tangu jana bila kulala na alionekana hivyo. Hakumbusu mtu. Aliweka kikapu chini, akatoa chupa ya chai, akamimina kahawa kwenye vikombe vitatu vya bati.

"Kunyweni kwanza, mmelowa," alisema.

"Mama Truus," Marit alisema, "mwambie. Wewe anakusikiliza. Mwambie aache ujinga."

"Si ujinga, mwanangu."

"Hujanipenda tangu siku ya kwanza. Sema tu."

Mama Truus alimtazama. Macho yake nayo yalikuwa ya kijani, ya mwanawe kabisa, ila haya yalikuwa yanaona.

"Ningekuwa sikupendi ningekuachia Jelle wako," alisema. "Baba yangu alikuwa hivi hivi, na ugonjwa huu umepitia kwangu mimi ukaenda kwa Jelle. Mimi ndiye niliyempa, na kila siku naona nilichompa. Mama yangu alimtangazia baba mashimo mpaka uzeeni. Ngazi, mlango, kikombe kiko kulia, kikombe kimeisha. Siku mama alipokufa nilimuosha mimi. Unajua nilichogundua? Sikuwahi kumsikia mama yangu akisema neno ambalo halikuwa la kumtangazia mtu kitu. Sikujua hata anapenda rangi gani."

"Alimpenda."

"Sana. Nani kasema hakumpenda?" Mama Truus alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Jelle aliponipigia jana nilimwambia usifanye hivyo. Nilimwambia yule msichana ni wa kweli. Akaniambia, ndiyo, ndiyo maana. Nikawasha gari. Ningefanyaje? Mama unaitwa, unakwenda."

Kisha akainama akatoa kopo.

Kopo hilo Marit alilijua. Ni la bluu, limechakaa pembe, na ndani mna biskuti za siagi. Nyumbani kwa Mama Truus kahawa huja na biskuti moja. Moja, halafu kifuniko kinashuka. Wasiowajua wangesema ni uchoyo, kumbe ni adabu ya nyumba, ndivyo walivyolelewa na ndivyo watakavyozikwa. Siku ya kwanza Marit alipopelekwa kutambulishwa alinyosha mkono kuchukua ya pili, kifuniko karibu kimkate vidole, na meza nzima ikacheka. Jelle alimtania kwa hilo miaka nenda rudi. "Siku mama atakapokuachia ya pili," alikuwa akisema, "ujue kuna msiba."

Mama Truus alifungua kifuniko. Marit akachukua biskuti moja kwa mazoea, akasubiri kifuniko kishuke.

Hakikushuka.

"Chukua nyingine," alisema Mama Truus.

Marit alilitazama kopo, akamtazama yule mama.

"Hapana, Mama Truus. Funga."

"Chukua, mwanangu."

"Funga kopo! Nakuomba ulifunge!"

"Chukua lote," Mama Truus alisema, akamsukumia kopo kwapani, lile lote, na kifuniko juu yake, na mikono yake ikabaki mitupu haijui pa kwenda. Hapo ndipo Marit alipoelewa kwamba imekwisha. Maneno ya Jelle angeyapinga mpaka kesho, lakini lile kopo hakuwa na la kulijibu.

Mzee Alois alikohoa. "Baiskeli inavuka?"

"Inabaki," alisema Jelle. "Na yeye anabaki."

"Mimi navuka," alisema Marit. Akasogeza gurudumu la mbele mpaka ukingoni mwa gati.

Jelle alisikia gurudumu. Alinyosha mkono, akaushika usukani, kwa mara ya kwanza tangu wabadilishane viti.

"Usipande," alisema kwa sauti ya chini, ya kwao wawili tu. "Ukipanda nitashindwa. Nitakaa na wewe kwenye mashua, nitashika mkono wako, na tutarudi tulikokuwa, na utanitangazia vitu mpaka uzeeke. Mimi sina nguvu, Marit. Hii niliyo nayo ni ya kuvuka mto mmoja tu. Kama unanipenda, usipande."

Sasa mwambie mtu huyo nini? Ukipanda, humpendi. Usipopanda, umempoteza. Marit alisimama na gurudumu lake ukingoni, kila upande anaogeukia ni ukuta.

"Na mimi sina nguvu," alisema.

"Unazo. Umetuvuta sisi wawili tangu Passau tulikoanzia."

Jelle alimbusu kwenye ule mkunjo, pembeni mwa mdomo. Alikuwa na ladha ya mvua na ya damu kidogo. Kisha Mama Truus akamshika kiwiko, na kwa mazoea ya damu, bila kujijua, akaanza: "Ubao. Hatua chini. Inayumba kidogo. Kaa hapo." Marit alimsikia. Jelle naye alimsikia, akatabasamu vibaya. Alikuwa amemwepusha mwanamke mmoja na sauti ile ya kutangaza, na sasa ameipanda mashua nayo.

Mzee Alois akafungua kamba. Alitazama abiria wake kama anavyowatazama wote, akauliza kama anavyouliza siku zote:

"Tayari?"

Jelle alishtuka. Alifungua mdomo, akaufunga. Marit, gatini, alikuwa ameshikilia pumzi. Usiseme, alimwomba kimoyomoyo. Gurudumu halizunguki mpaka wewe useme. Usiseme.

"Tayari," alisema Jelle.

Mashua ikaondoka.

Alikuwa amekaa nyuma kabisa, uso ameugeuzia ukingo alioutoka. Mkondo uliivuta mashua kidogo kuelekea chini ya mto, kama kawaida yake, na yeye asijue. Akainua mkono wake wa kulia akaanza kupunga. Alipunga kwa moyo wote, mkono juu kabisa, kiganja wazi, kama mtu anayemwona anayempungia.

Alikuwa anaipungia nguzo ya kengele.

Marit aliitazama nguzo ile, kushoto kwake, imesimama na shaba yake, inapokea kwaheri yake. Alitaka kukimbia akasimame pale. Baiskeli ilikuwa imemwegemea, kopo liko kwapani. Akiachia, mzigo wote unaingia mtoni.

"Kulia!" alipiga kelele. "Jelle! Kulia kidogo!"

Mkono ukasita. Ukatii, kama ulivyotii safari yote. Ukaenda kulia, ukaupungia mti.

Ndipo Marit alipong'amua. Miaka yote, awe mbele awe nyuma, wameelekea upande mmoja. Kulia kwake kulikuwa kulia kwa Jelle. Leo ni mara ya kwanza anamwongoza huku wametazamana.

"Hapana! Kushoto! Kushoto kwako, Jelle! Nimekosea, ni kushoto!"

Mkono ukarudi polepole. Ukaupita mti, ukaipita nguzo.

"Tena! Kidogo tena... Hapo! Hapo hapo! Niko hapo!"

Na ukasimama juu yake. Ulikuwa umeelekea kwake sawasawa, kiganja wazi, na kwa muda mfupi ule Jelle alimwona. Nakwambia alimwona, hakuna atakayenibishia. Uso wake wote ulifunguka. Marit naye akainua kopo lile juu, kwa kuwa mkono wa kupunga hakuwa nao, akalitikisa, biskuti zikagongana ndani yake.

Lakini maji hayangoji mtu. Mashua ilizidi kuteremka, na mkono, kwa kuwa umeambiwa hapo hapo, ukabaki pale pale. Ukaanza kumwacha. Ukaupungia mlima, ukaipungia njia tupu.

"Kushoto, Jelle! Kushoto tena! Kushoto!"

Mashine ilikuwa inanguruma. Mashua ilifika ng'ambo. Mkono bado uko juu. Mama Truus akaushika, akaushusha taratibu, kama mtu anavyomshusha mtoto aliyelala begani, akamwonyesha ubao wa kukanyaga.

Na huku gatini, mvua ikimwingia shingoni, Marit aliendelea kusema kushoto, kushoto kidogo, hapo, kwa mtu ambaye hamsikii tena.